Vidole vya Lokwa

Siku ya kuniaga kazini nilipewa dakika chache za kuhutubia, nami nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nilisimama, nikakohoa kidogo kama wafanyavyo wakubwa, na papo hapo soda za baridi zikaingizwa mlangoni. Tangu hapo hakuna aliyenisikiliza. Hata mimi mwenyewe macho yangu yalikuwa kwenye soda. Ndiyo maana naandika.

Kuhusu vyeo na mishahara sina la kuwaambia msilolijua, ninyi mnaobaki maabara, na hilo mnalolijua linatosha kuwakosesha usingizi. Nitasimulia mwanzo wangu na vifaa tulivyotumia, kisha nitawaeleza habari za Lokwa, mfungwa wa kutoka Isangi. Mtu huyo nusura aniaibishe mbele ya nchi nzima, na kwa majuma kadhaa niliamini kwamba akikosa dawa atafia mikononi mwangu.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Anselme, fundi wa maabara wa zamani, mtu mwembamba aliyevaa koti jeupe hata siku ya Jumapili. Darubini yetu haikuwa na umeme. Ilikuwa na kioo kidogo chini yake, na ilikubidi uigeuzegeuze dirishani mpaka kioo kishike jua. Mawingu yakifunga, malaria yote ya Kisangani ilipumzika mpaka kesho yake. Sindano zilikuwa za kioo, tulizichemsha kwenye sufuria, na ole wake aliyesahau sufuria ile motoni. Mimi niliisahau. Papa Anselme alinipa sufuria iliyoungua niende nayo nyumbani, akisema ni zawadi yangu ya kuhitimu.

Alinifundisha pia kutafuta mshipa kwa ncha ya kidole, macho nimeyafumba. Somo hilo nililielewa kupita kiasi. Nilizoea mikono ya watu hata nikasahau kuwa ina wenyewe. Siku moja sokoni Kabondo, mama mmoja alinisalimia kwa furaha, akaniuliza habari za watoto wangu kwa majina, nami nikabaki nikitabasamu kama mjinga. Aliponyoosha mkono kuchagua nyanya, ndipo nikapiga kelele, "Ah, Mama! Mshipa wako ungali unakimbia?" Wauza nyanya wote waligeuka. Papa Anselme aliposikia alisema siku moja ujuzi wangu utanitoa jasho, na mimi nikadhani ananisifu.

Baadaye nilihamishiwa zahanati ya gereza. Nilikwenda siku ya kwanza kwa toleka, nimekaa nyuma ya baiskeli na darubini magotini, nikimwomba mwendeshaji akwepe mashimo kwa heshima ya serikali. Ndani ya ua nilikutana na bwana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi, wengine wote wakimpisha njia.

"Chef," nikamwambia, "natafuta ofisi ya directeur."

"Karibu, Mama. Leta iyo sanduku nibebe. Inaonekana iko nzito."

Alinibebea darubini, akafokea watu wawili waliokaa kwenye njia, akabisha mlango kwa adabu. Mkurugenzi wa gereza alipotuona alicheka mpaka akashika meza. Bwana yule alikuwa Botende, kapita mkuu wa wafungwa, yaani mfungwa anayewatawala wenzake, na hukumu yake ilikuwa ndefu kuliko miaka yangu ya shule. Kwa hiyo siku yangu ya kwanza nilikabidhi mali ya serikali kwa mtu aliyefungwa kwa kosa kubwa, nikamwita Chef. Niliendelea kumwita Kapita kwa heshima mpaka nilipostaafu, na hakuna aliyewahi kunibebea darubini vizuri kuliko yeye.

Kule ndani kulikuwa na desturi ambayo lazima muielewe. Mfungwa mpya alinyolewa kichwa siku aliyofika, na wote walionyolewa siku hiyo walipitiwa na wembe uleule. Kinyozi alikuwa mfungwa pia. Kapita yeye alinyolewa kila Jumamosi, na kwa heshima yake alinyolewa mwisho. Kinyozi alinieleza sababu bila aibu: wembe mpya unakwaruza, kwa hiyo wacha kwanza uzoee kwenye vichwa vya wageni, ndipo umfikie mkubwa ukiwa umelainika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, lakini nadhani hawakuwa na wembe akilini.

Kulikuwa tena na waliochorana chale na picha mwilini kwa sindano moja na masizi ya tairi. Mambo haya yote ndiyo mlango wa homa ya ini aina ya C. Ugonjwa huu hupita kwa damu, hukaa kimya miaka mingi, na mtu hutembea nao akijiona mzima huku ini likiharibika polepole. Niliwakusanya uani niwafundishe. Nilichora ini ubaoni kwa chaki, kazi ya asubuhi nzima.

"Mama," akauliza mmoja kutoka nyuma, "ile iko ngolo?"

Ngolo ni kambale. Niliangalia mchoro wangu, na kweli ulikuwa na hata sharubu. Somo liliishia kwenye mjadala wa namna ya kupika ngolo kwa majani, na watu wenye njaa wakipewa mada hiyo huwarudishi tena kwenye ini. Wembe uliendelea na kazi yake.

Miaka yangu ya mwisho ndipo ilipokuja timu ya utafiti kutoka mji mkuu, ikiongozwa na Daktari Clarisse, mwanamke kijana, mwepesi wa maneno, aliyejifunza Kiswahili chake Goma. Alitaka kujua ni wafungwa wangapi wana homa ya ini aina ya C na waliipatia wapi. Watakaothibitishwa wangepewa vidonge vya kumeza kila siku kwa miezi mitatu, dawa inayoponya kabisa, lakini alikuwa na makasha machache. Daktari alirudi kwake, akaniachia mimi kipimo cha haraka. Unatoboa kidole, unadondosha tone kwenye kibao cha plastiki, unaongeza dawa ya maji, unangoja. Mstari mmoja, huna. Miwili, huenda unao, na hapo damu ya mshipani itatumwa kwa ndege ikapimwe kwa mashine kubwa.

Nilijiona nimezaliwa kwa kazi hiyo. Niliketi mezani, mwitaji wa kapita akawa anaita jina mlangoni, mtu anaingia, ananyoosha kidole, natoboa, anatoka. Wazee niliwauliza kama waliwahi kuchomwa sindano vijijini zamani, wakajibu ndiyo, muuguzi alipita na sindano moja kwa watu wote. Hapo nilikohoa na kwenda haraka kwenye swali jingine, kwa sababu mimi nami nilifunzwa na watu wa enzi hiyo. Majibu yalianza kutoka: mistari miwili, miwili tena, miwili tena. Kila siku ilizidi ya jana. Nilimpigia Daktari Clarisse, na nakiri sauti yangu ilikuwa na fahari, kama mtu aliyegundua dhahabu Bengamisa. Nyumbani mbele ya kioo nilianza kujizoeza namna ya kusalimia kwenye mkutano mkubwa. "Mabibi na mabwana," nilisema, na mume wangu akauliza nani amekuja.

Juma lililofuata aliingia Lokwa zahanati. Alikuwa mpiga makasia wa mtumbwi huko Isangi kabla ya kufungwa, kesi yake ikingoja bila kwenda mbele wala nyuma. Miguu myembamba, tumbo limejaa, macho yamechoka.

"Mama Sindano, kidole iko nauma. Usiku silalake."

Kidole cha shahada kilikuwa kimevimba, na usaha ndani. Nilikisafisha, kisha nikaomba mkono mwingine niulinganishe. Ncha za vidole vyake vyote zilikuwa na matundu madogo, mengine mapya, mengine yamekauka. Hata vidole gumba.

"Lokwa, nani alikuchoma hivi?"

"Ni weye, Mama."

"Mimi? Mimi nilikuchoma mara moja!"

"Hapana, Mama. Ulinichoma mingi. Batu banakusifu kwa bule? Hauumizake, lakini ile kidole moja tu, sasa inauma."

Niliketi. Yeye alibaki amesimama, akinionea huruma kidogo. Ndipo akanieleza, kwa sauti ya mtu anayemfafanulia mtoto.

"Likambo iko hivi. Siku ya kwanza uliniambia niko na ile ugonjwa. Nikalia. Kisha batu bakaniambia, we uko na bahati. Bale ba TB banapataka unga na mafuta, donc na bale ba maini batapata. Alors mutu mwenye hana ugonjwa ananiita. Naingia na jina yake, unatoboa kidole yangu, inatoka mistari mbili. Yeye ananipa nusu ya vungule yake."

Vungule ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, chakula cha gerezani, na asiye na ndugu wa kumletea kitu kingine kutoka nje huishi kwa hicho tu.

"Na wewe hukuona ni vibaya?"

"Mama, mi sina mutu huku. Bibi yangu iko Isangi. Uko na ndugu huku, unakula. Hauna, unauza kitu. Mi nilikuwa na damu."

Mwenye njaa hana miiko, hilo nalijua. Lakini mtu huyu aliingia kwangu tena na tena, kila mara na jina jingine, akaketi mbele ya pua yangu, na sikumtambua. Nilikuwa nikiviangalia vidole vyake kwa ustadi mkubwa, na hata vidole sikuvitambua. Ugunduzi wangu wote, fahari yangu, "mabibi na mabwana" yangu, ulikuwa ni damu ya Lokwa mmoja. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka kidogo kwa adabu. Kisha akaacha.

"Usiambie docta. Akikasirika atapeleka dawa yake kwingine. Angalia hii tumbo, Mama. Mi njo mwenye kuwa na ugonjwa ya kweli, na mi njo nitakufa."

Hapo kicheko kiliniisha. Nikinyamaza, hata damu ya mshipani ingetolewa na Lokwa kwa majina yao, yale makasha machache yangegawanywa kwa walionunua tone, na Lokwa angeweza kukosa dawa, ugonjwa wake mwenyewe ukitibiwa kwa watu wengine. Nikisema, Daktari angeweza kufunga mradi na kuondoka. Nilizunguka meza yangu kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha nikapiga simu.

Daktari Clarisse alinisikiliza mpaka mwisho.

"Maman," akasema, "wagonjwa wa kweli ni wangapi?"

"Sijui, Docteur. Pengine ni Lokwa peke yake."

Nikasikia kitu kama pumzi, sijui ilikuwa kicheko au hasira. Akasema gereza jingine linazingojea dawa zile. Ikiwa nitaweza kuwapima wote upya, mtu mwenyewe na kidole chake mwenyewe, kabla hajafika mwishoni mwa juma, dawa zitabaki Kisangani. Nikishindwa, anapita nazo.

Hakuna kinachopimwa gerezani bila kapita kukubali. Nilimkuta Botende amekaa kivulini, shati lake limepigwa pasi kama siku zote.

"Kapita," nikamwambia, "hakuna maharagwe."

"Hakuna maharagwe wapi?"

"Kwenye ugonjwa wa ini. Hakuna unga, hakuna mafuta. Kuna vidonge tu, na ni vichache. Asiye mgonjwa akivimeza, anamnyang'anya aliye mgonjwa. Na huyo mgonjwa atakufa."

"Mama, miye pia nilinunua," akasema taratibu. "Nilimupa Lokwa sabuni muzima."

"Ulimtuma Lokwa aingie kwa jina lako? Kwa jina la kapita? Na mimi sikuona?"

"Ulimwambia, asante Kapita, unaweza kwenda."

Nikaketi kando yake, tukawa wakubwa wawili wa gereza, kila mmoja na aibu yake. Mwishowe alisimama, akakung'uta suruali, akasema kesho asubuhi meza yangu iwekwe uani, mbele ya watu wote, na yeye ataanza, ili kila mtu aone kwamba kapita hana kitu na hakuna cha kununua.

Asubuhi ile uwanja ulijaa. Nilikuwa nimeapa kumwangalia kila mtu usoni kabla ya kugusa mkono wake. Nilimwangalia Botende, nikaona kovu dogo juu ya jicho lake la kushoto. Lazima lilikuwepo hata siku ile aliponibebea darubini. Nikatoboa, nikadondosha, tukangoja. Wafungwa walisogea kama watu wanaotazama mpira. Mstari wa kwanza ulitokea. Kisha, polepole, wa pili.

Nilidhani macho yangu yamechoka. Nikachukua kibao kingine na kidole kingine. Ikatoka miwili tena.

Alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe alikuwa wake tangu zamani. Hakuna aliyecheka, na mimi ninayecheka hata msibani sikucheka.

"Mama," akauliza, sauti imeshuka, "ni Lokwa alinipatia hii, siku nilinunua?"

"Hapana, Kapita. Yeye alitoa tone lake hapa mezani tu. Hii ni damu yako."

"Sasa nilipata hii ugonjwa wapi?"

Kinyozi alikuwa amesimama pale karibu na wembe wake mfukoni, na nilimwona Botende akipandisha macho polepole, akiangalia vichwa vilivyonyolewa, kimoja baada ya kingine, mpaka akamfikia yeye. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mtu huyu alizipata zake zote kwa mara moja. Alinyoosha mkono, kinyozi akampa wembe. Kapita akavuka ua mbele ya wote, akautupa kwenye shimo la choo. Akarudi, akasema tangu leo hakuna kichwa kitakachonyolewa mpaka mwenye kichwa alete wembe wake mwenyewe. Ini langu la chaki halikuwahi kufanya hata robo ya kazi hiyo. Miezi iliyofuata gereza letu lilikuwa na nywele nyingi mno, na mkurugenzi alilalamika, lakini kwangu zilikuwa nzuri.

Tulipima wote upya. Wenye mistari miwili walibaki wachache kuliko nilivyotangaza kwa fahari, na zaidi kuliko Lokwa peke yake. Daktari Clarisse alifika, akachukua damu ya mishipani, sanduku la barafu likapanda ndege, na dawa zikabaki. Nilimwambia Lokwa avumilie. Kila asubuhi nilimkuta mlangoni pa zahanati akiuliza kama ndege imerudi. Biashara yake ilikuwa imekufa, hakuna tena wa kumpa nusu sahani, na tumbo lake lilinitisha. Nilimwombea Misa. Mimi, ambaye siku nyingine kanisani huwa natazama mikono ya walioketi mbele yangu.

Majibu yalipokuja, Daktari alinipa yale ya Lokwa kwanza, kwa sababu alijua ndiyo niliyokuwa nikiyangoja.

Botende alikuwa na virusi, na dawa akaanza siku ileile. Lokwa hakuwa navyo. Daktari akanieleza, nami niwaeleze ninyi: miili mingine hupambana na ugonjwa huu na kuushinda yenyewe, bila dawa. Kipimo cha kidole huonyesha alama ya vita, hata kama adui alishaondoka. Damu yote aliyoiuza ilikuwa damu ya mtu aliyepona. Tumbo lile Daktari alilipapasa, akalipima, akasema ni minyoo na njaa.

Nilimwita ndani, nikamketisha, nikamwangalia usoni.

"Lokwa, huna ugonjwa. Uliisha wenyewe. Hutakufa."

Nilingoja acheke au alie. Alibaki akiangalia vidole vyake.

"Hata kidogo, Mama?"

"Hata kidogo."

"Vraiment? Haikubaki hata kidogo tu?" Akainua macho. "Sasa nitakula nini?"

Nimetangazia watu majibu mabaya mengi, na kwa hayo nina maneno yaliyopangwa. Hili lilikuwa jibu zuri kuliko yote niliyowahi kutoa, na nilitamani kumwomba msamaha. Dawa ya minyoo nilikuwa nayo. Ya njaa sikuwa nayo, wala hakuna mradi uliowahi kuileta. Nilimpa vidonge vya minyoo, nikajifanya natafuta kitu kabatini ili asinione ninavyolia.

Botende alikuwa mlangoni, amekuja kumeza kidonge chake cha siku, na alikuwa amesikia. Watu wake wa mjini walikuwa wamemletea sufuria ya fufu, ugali wa muhogo, na samaki, naye alikuwa ameishika.

"Docta alisema nisimeze dawa na tumbo bule," akasema. "Alisema nikule mbele. Hakusema nikule miye peke yangu."

Akaiweka sufuria juu ya meza yangu, katikati ya vibao vya kupimia, jambo lililokatazwa kabisa na ambalo msije mkaniiga. Akaifunua, akasogea pembeni kumwachia Lokwa nafasi. Lokwa aliinuka kwanza. Alinawa mikono kwenye beseni langu, akaikausha, akanong'ona karibu na sikio langu, kwa hofu ya kweli, mtu yule aliyeuza ugonjwa gereza zima:

"Mama, sasa mi niko muzima. Nikikula naye sahani moja, haitanirudilia?"

"Haipiti kwa chakula, Lokwa. Kula."

Akaketi karibu na kapita, akamega fufu kwa vidole vyake vyenye matundu, akala.